Maswali yenu: Picha za X, nyimbo za matusi na watoto wetu

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja: picha na nyimbo za ngono, na zinachotufanyia. Nimechukua tano.

Ni kweli vijana wanaharibiwa na wanayotazama, au tunasingizia tu luninga na simu? – Baba wa watatu, Tabata

Ndugu yangu, hata wataalamu wamevutana. Mwaka 2006 watafiti wa North Carolina, Marekani, waliofuatilia vijana 1,017 kwa miaka miwili walisema kwamba waliozama zaidi katika filamu, muziki na majarida ya ngono, hasa vijana Wazungu, ndio waliotangulia kuanza ngono. Mwaka 2011 watafiti wengine, Laurence Steinberg na Kathryn Monahan, wakachukua takwimu zile zile, wakalinganisha vijana wanaofanana kwa malezi na tabia, na uhusiano ule haukuonekana tena. Huenda kijana ambaye moyo umeshaelekea huko ndiye anayezitafuta picha hizo. Hapa Tanzania, mwaka 2015/16 wasichana 27 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito. Mwaka 2022 walikuwa 22. Ni miaka hiyo hiyo simu janja zilipoenea. Sisemi simu ndizo zilizopunguza mimba, lakini hesabu hiyo haikubaliani na kilio kwamba kila mwaka vijana wanazidi kuoza.

Hata hivyo siamini kwamba tunayotazama hayatugusi. Wenye umri wangu mnakumbuka Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na wanawake njiani kote, mwisho UKIMWI ukampata. Kwetu redio ilitolewa barazani, majirani wakaja na vigoda vyao, na mchezo ukiisha ndipo mazungumzo yalipoanza. Mama yangu hakuwahi kutamka neno kondomu mbele yetu; alilitamka jioni moja akimsema Mkwaju. Kwa miaka miwili ya mwanzo Dodoma hawakurushiwa mchezo huo, ili watafiti wapate pa kulinganishia. Kwingineko watu walipunguza wapenzi na kupokea uzazi wa mpango kuliko Dodoma. Redio iliwabadili watu, tena kwa kuzungumzia ngono waziwazi. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama kipindi fulani kina ngono, mimi nauliza kwanza hadithi inaonyesha nini baada ya hapo, na nani amekaa na mtoto wakati anatazama.

Nimemkuta mwanangu wa darasa la sita anaangalia video ya X kwenye simu yangu. Baba yake anataka kumchapa. – Mama, Mbagala

Mwambie aweke fimbo chini. Akichapwa ataangalia kwa rafiki yake, na siku mtu mzima akimfanyia ubaya hatathubutu kuja kwenu. Chukua ungo wa mchele, mwite mchambue pamoja. Maneno mazito hutoka vizuri macho yakiwa kwenye kazi. Mwulize alijisikiaje kuiona. Mwambie wale ni watu wanaoigiza kwa malipo, na kwamba humo husikii mtu akimwuliza mwenzake kama anataka. Kisha, mama, ikague simu yako. Mara nyingi WhatsApp hujishushia yenyewe picha na video za makundi na kuziweka pamoja na picha za familia. Huenda ile video imetoka kwenye kundi la kikoba chako. Zima hilo kwenye mipangilio leo.

Zamani hatukuwa na uchafu huu. Kwa nini serikali isifungie nyimbo zote za matusi? – Mzee, Pangani

Shikamoo mzee wangu. Pwani yetu haikunyamaza kuhusu ngono. Bi Kidude aliimba na kufunda unyago hadi uzeeni. Ila palikuwa na ua uliofungwa, wanaume wakiwa mbali, na kungwi akikaa na mwari aliyefikia umri. Naona tulichopoteza ni ule ua na yule kungwi. Kufungia kuna mahali pake: Kenya, redio na luninga haziruhusiwi kurusha vipindi vya watu wazima kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, nami utaratibu huo naupenda. Lakini Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) hapa Tanzania lilipoufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, watoto wa mtaani kwangu waliendelea kuuimba wakiruka kamba, na hakuna mkubwa aliyewaita kuwaeleza wanaimba nini. Hata mimi sikuwaita, na hilo linaniuma mpaka leo.

Basi la mkoani linaonyesha wasichana nusu uchi, nami nina watoto. Nifanyeje? – Abiria, Mwanza

Mwite konda, umwambie kwa sauti ya kawaida: "Kaka, kuna watoto humu, tubadilishie." Nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya pili abiria wengine waliniunga mkono kabla sijamaliza, tukawekewa vichekesho hadi Singida.

Mpenzi wangu anataka nimtumie video nikiwa mtupu. Anasema nisipotuma hadi Jumamosi, basi simpendi. Nina miaka 21. – Mwanachuo, Morogoro

Binti yangu, usitume. Anayekuwekea siku ya mwisho anakutisha. Nilimtembelea msichana ambaye video yake ilivuja. Kioo chake kilikuwa kimegeuzwa ukutani, na dirisha limefungwa saa sita mchana. Nje watu waliulizana, "Nani ana koneksheni?", yaani nani ana hiyo video. Anayeuliza hivyo na anayetuma wote wamemvua nguo yule binti upya. Tanzania, kusambaza picha za ngono mtandaoni ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya, sheria ya 2018 inatoa faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili.

Kama umeshamtumia kitu, usilipe hata senti na usifute ujumbe wake. Nenda dawati la jinsia na watoto, kituo cha polisi. Ipo pia tovuti ya StopNCII.org kwa waliofikisha miaka 18: huitengenezea picha alama ya kuitambulisha, bila picha yenyewe kutoka kwenye simu yako, na mitandao iliyojiunga nayo huitumia alama hiyo kuizuia picha isipandishwe. Jibu lake mpe leo, usingoje Jumamosi. Na mwambie dada yako au mwenzako wa chumbani unayemwamini, ili usilale na jambo hili peke yako.