Ateri iliyokaza: nguvu kidogo au nishati kidogo?

SWALI: Nafundisha uuguzi hapa Mwanza. Niliandika ubaoni: “Msuli laini wa ateri unakaza muda mrefu kwa kutumia nguvu kidogo.” Mwenzangu akafuta “unakaza”, akaweka “unakakamaa”. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, sentensi yako ina makosa mawili, na mwenzako ameongeza la tatu.

Kubwa ni “nguvu”. Mwanafunzi akisoma “nguvu kidogo” ataelewa kwamba ateri imelegea na shinikizo la damu limeshuka. Sivyo hata kidogo. Nguvu ya mkazo, ambayo vitabu vya fizikia huiita kani, inabaki juu. Kinachopungua ni ATP inayotumika, yaani molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Kudumisha mkazo uleule, msuli laini huhitaji kati ya moja ya kumi na moja ya mia tatu ya nishati inayotumiwa na msuli wa mifupa. Neno ni nishati.

Kosa la pili ni -na- ya “unakaza”. Mtazame mchukuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Akiinua ndoo, anajitwisha. Ikishatulia kichwani, amejitwisha, na hakuna anayesema tena “anajitwisha”. Ateri ni vivyo hivyo. Mwanzoni kalsiamu inaingia, kimeng’enya kinabandika fosfeti kwenye mayosini, protini inayovuta msuli, na vichwa vya mayosini vinashika na kuachia nyuzi za protini nyingine, aktini, upesi upesi. Kila duru hula ATP moja. Hapo msuli unakaza. Baadaye kalsiamu inapungua, fosfeti nyingi zinabanduliwa, na vichwa vilivyokwisha kushika vinakawia kuachia. Duru ni chache, matumizi ni machache, mkazo uko palepale: msuli umekaza. Wapo wanaoiita hali hii “komeo”. Naikubali kwa tahadhari, maana komeo likishafungwa halidai kitu, ilhali vichwa hivi bado vinazunguka polepole na ATP bado inalika.

“Kukakamaa” nalikataa kabisa hapa. Samaki aina ya sato akikaa saa kadhaa baada ya kufa, ukimshika mkiani anasimama kama ubao. Huko ndiko kukakamaa: ATP imekwisha, na bila ATP kichwa cha mayosini hakiwezi kuachia. Kalsiamu ikishuka zaidi, ateri hai huachia, na mshipa ukatanuka.

Andika hivi: “Msuli laini wa ateri ukishakaza, huweza kukaa umekaza kwa muda mrefu kwa nishati kidogo.”