Mkataba Umeandikwa Kwenu, Kazi Inafanyika Kwao

Swali: Ndugu Mshauri, ninaendesha kampuni ndogo inayotengeneza programu za kusimamia maghala. Kwa miaka miwili sasa tumekuwa tukifanya kazi na mtaalamu mmoja wa programu anayeishi Ufaransa, nchi ambayo hatuna ofisi wala tawi. Kila mwisho wa mwezi hutuletea ankara, nasi humlipa. Mkataba wetu unasema waziwazi kwamba yeye si mwajiriwa, na kwamba sheria zitakazotumika ni za nchi yetu. Juzi aliomba likizo ya wiki mbili, na mhasibu wetu akashtuka, akisema kwamba ombi hilo peke yake ni dalili mbaya. Je, ana sababu ya kuogopa? Na tufanye nini, maana mtu huyu hatutaki kumpoteza?

Jibu: Mhasibu wenu ameona mbali, ingawa jambo lenyewe halikuanza siku ya kuombwa likizo. Hebu chukueni wiki moja ya kazi ya mtu huyu mwitazame kama atakavyoitazama hakimu. Saa tatu asubuhi anaingia kwenye kikao cha timu, na akikosa anaulizwa alikuwa wapi. Anatumia kompyuta mliyomnunulia ninyi na anwani ya barua pepe yenye jina la kampuni yenu. Mkuu wa idara ndiye anayempangia kazi na kuikagua. Hana mteja mwingine, na akitaka kupumzika anaomba ruhusa. Kama hivyo ndivyo mnavyoishi naye, basi mna mwajiriwa anayeandika ankara.

Mahakama Kuu ya Rufani ya Ufaransa ilikwisha kueleza mwaka 1996 kwamba uhusiano wa ajira hutambulika pale ambapo mtu hufanya kazi chini ya mamlaka ya mwingine mwenye uwezo wa kutoa amri, kusimamia utekelezaji wake na kumwadhibu asiyetii. Jina ambalo pande mbili zimeupa mkataba wao haliwafungi majaji. Ni kweli kwamba aliyejiandikisha kama mfanyabiashara anayejitegemea huchukuliwa kwanza kuwa si mwajiriwa, lakini dhana hiyo huvunjwa na ushahidi. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2018 katika shauri la msambazaji wa chakula anayetumia baiskeli, na tena Machi 2020 katika shauri la dereva wa Uber.

Kile kifungu cha kuchagua sheria za nchi yenu, ambacho nadhani aliyekiandika alikihesabu kuwa ngao, hakina nguvu mnayoitegemea. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inayoitwa Roma I, inayotumika tangu Desemba 2009, inaruhusu mwajiri na mwajiriwa kuchagua sheria ya mkataba wao, ila inakataza uchaguzi huo kumnyang'anya mwajiriwa ulinzi wa lazima anaopewa na sheria ya nchi ambamo kwa kawaida anafanyia kazi. Anaweza pia kuwashtaki hukohuko anakofanyia kazi, hata kama mwajiri wake yuko nje ya Ulaya. Kwa maneno mengine, sheria ya kazi hukaa pale anapokaa mfanyakazi na kompyuta yake.

Mkishindwa, deni si la likizo tu. Mtadaiwa malimbikizo ya michango ya hifadhi ya jamii, na ikithibitika kwamba ajira ilifichwa kwa makusudi, mfanyakazi ambaye uhusiano wake wa kazi umevunjika hustahili fidia iliyo sawa na mishahara ya miezi sita. Kosa hilo pia ni la jinai: kwa mtu binafsi adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu na faini ya euro 45,000.

Kuna jambo jingine ambalo hamkuliuliza, nami naliona zito kuliko hilo la likizo. Programu yenu ni ya nani? Kwa sheria ya Ufaransa, haki za kiuchumi katika programu iliyoandikwa na mwajiriwa wakati wa kazi yake huwa za mwajiri, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Anayejitegemea hamo katika kanuni hiyo: haki hubaki mikononi mwake mpaka azihamishe kwa maandishi, na maandishi hayo sharti yataje kila haki inayohamishwa, upeo wake, mahali na muda wa kuitumia. Sentensi moja isemayo kwamba kazi zote ni mali ya kampuni haitoshi. Ndiyo kusema kwamba kwa miaka miwili mmekuwa mkimwita mtu huyu asiye mwajiriwa ili mpunguze gharama, na kwa jina hilohilo mmemwachia bidhaa mnayoiuza. Fungueni mkataba leo mkisome kifungu hicho kabla ya vingine vyote.

Sasa njia. Ya kwanza, ambayo ningeichagua mimi, ni kumwajiri moja kwa moja. Hamlazimiki kufungua kampuni huko, kwa kuwa mwajiri wa kigeni asiye na ofisi Ufaransa anaweza kujisajili kwa Urssaf, mtandao wa mashirika yanayokusanya michango ya hifadhi ya jamii, ambao una kituo maalumu kwa kampuni za nje. Ajira hutangazwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na mkataba wa maandishi uwe kwa Kifaransa. Muda wa kisheria wa kazi ni saa 35 kwa wiki, likizo ya malipo ni siku mbili na nusu kwa kila mwezi wa kazi, Jumamosi nayo ikihesabiwa, yaani wiki tano kwa mwaka, na mtaalamu wa ngazi yake huweza kuwekewa kipindi cha majaribio cha hadi miezi minne, ingawa kumjaribu upya mtu mliyemjua kwa miaka miwili hakutaeleweka. Mkataba wa pamoja wa sekta husika, yaani makubaliano ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, nao huwa na masharti yake, kwa hiyo mtafuteni mhasibu wa mishahara wa hukohuko. Huyu si wa kumbania fedha.

Muwe tayari kwa hesabu yenyewe. Kwa mshahara wa mtaalamu, michango ya mwajiri mara nyingi hukaribia asilimia 40 ya mshahara ghafi au kuipita, mbali na ile anayokatwa mfanyakazi. Kuachana nako kuna utaratibu wake: lazima iwepo sababu ya kweli na nzito, mfanyakazi aitwe kwenye mazungumzo kwa barua, zipite siku tano za kazi kabla ya mazungumzo hayo, kisha barua ya kuachishwa isitumwe kabla ya siku mbili za kazi kupita. Ujumbe mfupi wa kumshukuru kwa mchango wake siku ya Ijumaa jioni huishia mahakamani.

Njia ya pili ni kupitia kampuni inayoajiri kwa niaba yenu na kuwatoza ada kila mwezi. Ni nyepesi kuanza nayo, lakini Ufaransa inakataza kuazimisha wafanyakazi kwa faida nje ya mifumo michache iliyoruhusiwa, kwa hiyo kampuni hiyo iwaeleze kwa maandishi inategemea mfumo upi. Ya tatu ni kumwacha ajitegemee kwelikweli, awe na wateja wengine, vifaa vyake, ratiba yake na bei yake. Wengi husema wamechagua hii, halafu kesho yake wanamwita kwenye kikao cha saa tatu.

Kuhusu kodi ya kampuni, mtu anayeandika programu nyumbani kwake hana hatari sawa na mwakilishi wa mauzo anayefunga mikataba kwa jina lenu, ambaye aweza kuifanya kampuni ihesabiwe kuwa na kituo cha kudumu cha biashara nchini humo, na hivyo kutozwa kodi huko. Msimpe kazi ya kuuza bila ushauri.

Na ile likizo, mpeni.

Swali: Mfanyakazi wetu anataka kumfuata mwenzi wake ng'ambo kwa miezi mitatu huku akiendelea na kazi. Tumesikia kwamba chini ya siku 183 hakuna tatizo. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli nusu. Siku 183 zinatoka katika mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili, na ni sharti moja kati ya matatu: mshahara usilipwe na mwajiri mkazi wa nchi hiyo wala kwa niaba yake, na usibebwe na kituo chenu cha biashara kilichoko huko. Kama nchi mbili hizi hazina mkataba, kinga hiyo haipo. Aidha, siku hizo zinahusu kodi ya mshahara pekee. Ruhusa ya uhamiaji ni suala jingine, na viza ya matembezi mara nyingi hairuhusu kazi. Hifadhi ya jamii nayo huhitaji cheti cha kuonyesha kwamba bado anachangia nyumbani, pale penye makubaliano. Mwambieni pia atunze vipande vya tiketi za ndege, kwa sababu hesabu ya siku hujumuisha Jumamosi, Jumapili, siku ya kufika na ya kuondoka.