Milioni moja na moja: tasa au si tasa?

SWALI: Assalaam alaikum. Mpwa wangu aliniuliza kama 1,000,001 ni namba tasa. Nimeigawa kwa namba tasa zote, kuanzia 2 hadi 97, na kila mara pakabaki kitu. Nikamwambia ni tasa. Hakuridhika. Ni nani aliyepata?
Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Waalaikumu salamu. Amepata mpwa wako. Tasa inayofuata 97 ni 101, na 101 × 9,901 = 1,000,001. Ulibakisha hatua moja tu.

Kugawa umegawa sawasawa. Ulipokosea ni pa kukomea. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, haiwezekani zote mbili zizidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 1,000,001 kinapita 1,000 kidogo sana, kwa hiyo kabla ya kuiita tasa ilikupasa ujaribu tasa zote zilizo chini ya 1,000, nazo ni 168. Wewe umejaribu 25.

Lakini usizitupe karatasi zako, maana kazi ile imethibitisha jambo jingine. Je, 9,901 nayo ni tasa? Kipeuo chake ni kama 99.5, basi yatosha kufika 97. Na tasa yoyote ambayo ingeigawa 9,901 ingeigawa 1,000,001 pia. Umeshaonyesha kwamba hadi 97 hakuna. Basi 9,901 ni tasa, na hakuna haja ya kugawa tena hata mara moja.

Kwa hiyo vigawo vya 1,000,001 ni vinne tu: 1, 101, 9,901 na yenyewe. Jumla yao ni 1,010,004. Huko Lamu boriti huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini: boriti 1,000,001 ni korja 50,000 na moja ya ziada. Ukitaka kuzipanga kwa safu zilizo sawa bila kubakisha, ukiacha safu moja ndefu, njia ni moja: safu 101 zenye boriti 9,901 kila moja, au uzigeuze.

Kupima 101 hakuhitaji kugawa. Kata tarakimu mbili mbili kutoka kulia: 1 | 00 | 00 | 01. Anza kulia, toa, jumlisha, toa: 01 − 00 + 00 − 1 = 0. Ukipata 0 au kigawe cha 101, inagawanyika, kwa sababu 100 ni 101 kasoro moja. Kwa 7, 11 na 13 kata tatu tatu, maana 7 × 11 × 13 = 1,001. Hapa ni 001 − 000 + 1 = 2, basi zote tatu zimeanguka kwa mpigo mmoja.

SWALI: Nikiandika tarakimu sita mara mbili, mfano 482,915,482,915, jibu hugawanyika kwa 101. Lakini 48,294,829 imekataa. Kwa nini?
Msomaji, Malindi

JIBU: Ya kwanza ni 482,915 × 1,000,001, na 101 imo ndani ya 1,000,001. Ya pili umerudia tarakimu nne: ni 4,829 × 10,001, na 10,001 ni 73 × 137. Ukitaka 4,829 ifuate kanuni ile, ijazie sifuri ifike sita: 004829004829.