Wote waliitikia ndiyo, mimi ndio nimenuniwa

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi kijana wa Kisauni, nipo Doha mwaka wa pili, kazi ya hoteli, rumu tunakaa wanne na wenzangu watatu ni Wafilipino. Watu wazuri wallahi, wakipika lazima wakuite. Ila juzi supavaiza katuambia tuongeze masaa mawili kila siku bila ovataimu, wao wote ndiyo na tabasamu juu, mi peke yangu nikasema siwezi. Usiku wanalalamika hadi mmoja analia, halafu mimi ndio nimenuniwa, wiki ya pili sasa hata salamu kwa shida. Huu si unafiki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Unafiki sitauita, na nawe usilitamke neno hilo humo rumuni. Kwao kuna pakikisama, yani uende na wenzio hata kama roho haitaki, na mtu akiambiwa walang pakisama ametukanwa. Kuna na hiya, angalia linavyofanana na haya yetu ingawa lugha ni mbali mbali, walang hiya ndo ile ile "huna haya". Sasa wewe umemkatalia mkubwa mbele za watu na papo hapo umewaumbua wenzako, maana hapana yako imeonyesha kwamba wao waliogopa. Huko kununa wanakuita tampo, anayenuna hasemi kosa lako, anangoja umfuate umbembeleze, kwa hiyo bado anakutaka.

Ila hiyo pakikisama inawaumiza sana. Mtu anakopa kwa wale wa 5-6, unachukua tano unarudisha sita, ilimradi tu asikose pasalubong, yani zawadi za safari, za ndugu na majirani. Na huyo supavaiza anaijua hiyo ndiyo yao, ndo maana akauliza mbele ya wote, hapo ndipo nachukia mimi.

Virgilio Enriquez, msomi wao aliyeanzisha saikolojia ya Kifilipino miaka ya 70, aliwapinga waliosema Mfilipino anaishi kwa kuridhisha watu tu, akasema kiini ni kapwa, kumuona mwenzio ni wewe, na humo humo mna pakikibaka, kupambana pamoja. Namuamini, maana watu hao hao Februari 1986 walijaa barabara ya EDSA kule Manila siku nne, wakasimama mbele ya vifaru mpaka rais wao Marcos akakimbia nchi. Lakini walikuwa wengi, si mmoja peke yake kama ulivyofanya wewe.

Basi pika wewe leo, muanze yule mkubwa wao, muite kuya, yani kaka, kama ni mwanamume au ate, yani dada, kama ni mwanamke, usiulize nani alikosea. Mkishakula waambie sheria ya kazi ya Qatar ni masaa 48 kwa wiki, Ramadhani 36, na ya ziada yanalipwa kwa nyongeza isiyopungua asilimia 25. Andikeni karatasi moja, majina yote manne, mumpelekee bosi ofisini kwake faragha, na aongee huyo kuya au ate, wewe kaa nyuma yake.