Wacheza ngoma wakikwama mlangoni kwako
Agosti huku Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, si mwezi wa kupokea wageni kumi na mmoja. Masika yamesahaulika, korosho bado haijaingia ghalani, na kisima cha nyumbani, kile tunachokingia maji ya bati, unakichota kwa kulaza ndoo. Ndipo lori lililobeba kikundi cha sindimba, ngoma ya Wamakonde, likakatika springi karibu na kwetu, njia ya Kitangari, jua likizama.

Mama aliitikia hodi, akamwambia kiongozi wao: "Karibuni, baba. Chakula kipo, pa kulala patapatikana. Maji ndiyo shida. Kila mtu ndoo ndogo moja, basi."

Niliona aibu mpaka nikaangalia chini. Siku hizi nami nafanya vilevile, na nakushauri ufanye: shida yako iseme mlangoni. Mgeni usiyemwambia ama atayamaliza maji bila kujua, ama ataogopa kuomba hata ya kunywa. Wale walipojua, vijana wawili waliazima baiskeli ya baba wakarudi na madumu manne.

Usichinje kwa kuona haya, pia. Jogoo mmoja kwa watu kumi na mmoja ni kugombanisha watu. Walikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, asubuhi ming'oko, vile viazi vya porini, na chai ya rangi, wakashiba.

Halafu vyombo vyao. Ngoma usiziache uani, umande wa huku juu unalegeza ngozi. Baba alitoa magunia ya makopa, muhogo mkavu, stoo, ngoma zikaingia, makopa yakalala naye barazani. Na usiziguse. Mimi nilikigonga kinganga kimoja, ngoma ndogo, kwa kidole, mpigaji akaniondoa mkono taratibu, "Kimelala hicho, mdogo wangu."

Kubwa kuliko yote, usiwaombe wacheze. Majirani walishajaa uani na watoto wao, mmoja amekuja hadi na kigoda. Mama akamuuliza: "Wewe ukitoka shamba, mimi nakupa jembe unilimie?" Watu wakacheka, wakatawanyika. Wageni walikuwa wameshalala, wengine na viatu miguuni.

Fundi alifika na springi kutoka Masasi kesho yake mchana. Waliondoka bila kupiga hata ngoma moja, na yule jirani wa kigoda hadi leo anatulaumu.