Jibu: Orodha ya bei kuvurugika kwenye barua pepe

Kaka, umeuliza kwa nini bei za katani ulizozipanga vizuri hapo Ngamiani zilimfikia mteja safu zikiwa zimepishana. Inaelekea programu yako inatuma maandishi matupu. Humo hamna jedwali wala herufi nene; ulipanga kwa kubonyeza nafasi, na fonti ya kwake ina herufi za upana tofauti, lazima zihame. Washa HTML, yaani mtindo wa barua unaokubali jedwali na herufi nene, uingize jedwali lenyewe. Usihofu mwenye programu ya kizamani: kwa kawaida barua ya HTML hubeba na nakala ya maandishi matupu, atasoma anayoiweza (jedwali ndiyo hataliona sawasawa). Kwenye programu ya barua pepe ya Thunderbird, shikilia Shift unapobofya kitufe cha kuandika barua, mtindo utabadilika kati ya HTML na maandishi matupu. Salamu na maulizo mimi natuma matupu, bando lenyewe la kuungaunga. Ankara, ambatisha PDF tu.