Theluji ya Oktoba, Hatari ya Februari: Kwa Wageni wa Milima ya Colorado

Ninawaandikia wenzangu wanaozungumza Kiswahili waliohamia Denver, Aurora na miji ya jirani, ambao baada ya majira mawili matatu ya baridi wamechoka kukaa ndani na wameanza kufuatana na wafanyakazi wenzao kwenda kuteleza kwa skii, au kutembea kwa viatu vya theluji, nje ya viwanja vya kulipia. Ndani ya viwanja hivyo kuna watu walioajiriwa kulipua miteremko kwa baruti alfajiri, kabla wateja hawajafika, ili theluji isiyotulia iporomoke mapema. Ukivuka kamba ya mpaka, au ukianza safari yako kando ya barabara kuu, hakuna aliyekutangulia kufanya kazi hiyo.

Jambo la kwanza ambalo mgeni hulikosea, na mimi nililikosea kwa miaka miwili, ni kudhani kwamba hatari ya maporomoko ni theluji iliyoanguka jana. Theluji mpya ni hatari, lakini inaonekana. Katika milima ya Colorado kinachosumbua zaidi ni theluji ya Oktoba na Novemba, ile ndogo inayoanguka mapema, ikayeyuka upande wa jua na kubaki kivulini kwenye miteremko inayotazama kaskazini na mashariki. Ardhi chini yake hukaa karibu na nyuzijoto 0 za Selsiasi, ilhali hewa ya usiku huweza kushuka hadi 20 chini ya sifuri. Theluji ikiwa na kina cha sentimita 40 tu, tofauti yote hiyo inabanwa ndani ya kimo kisichozidi goti, yaani nyuzi 5 kwa kila sentimita 10, na wataalamu huhesabu kwamba nyuzi 1 kwa kila sentimita 10 inatosha kuanza kuiharibu. Mvuke hupanda kutoka chini, huacha punje hii na kuganda kwenye ile, na baada ya wiki chache theluji laini imekuwa punje kavu zenye pembe ambazo hazishikani hata ukizifinyanga kwa nguvu. Ukizichota zinapita katikati ya vidole kama chumvi ya mawe.

Halafu inakuja dhoruba ya Desemba au Januari na kutandaza bamba zito juu ya punje hizo, na upepo unaongeza, kwa kuwa huweza kulundika theluji upande uliokingwa mara kumi ya kasi inayoanguka kutoka angani. Mwenye kuelewa jamvi lililotandikwa juu ya mahindi makavu ameshaelewa: jamvi limetulia, zuri kabisa, mpaka mtu alikanyage pasipofaa. Na katika ajali nyingi zinazoua, anayekanyaga ni marehemu mwenyewe au mmoja wa kundi lake.

Katika majira yangu ya tatu tulikuwa watu wanne tukipita mahali tambarare katikati ya misonobari, si mbali na Berthoud Pass, njia ya barabara kuu ya kuvuka milima magharibi ya Denver, na mteremko wa kama nyuzi 35 ulikuwa juu yetu, umbali wa mita mia moja hivi. Nilisikia mvumo mzito, kama gunia la mahindi linapoangushwa kwenye sakafu ya ghala, na theluji ikashuka chini ya miguu yangu kwa upana wa kidole kimoja. Mwufa ukakimbia kutoka kwenye ncha za skii zetu kuelekea juu, ukatoweka nyuma ya miti, na sekunde mbili tatu baadaye mteremko mzima ukakatika. Vifusi vilisimama mbele yetu bila kutugusa. Hatukuwa tumeukanyaga mteremko ule hata kidogo. Tabaka dhaifu lilivunjika chini ya uzito wetu kwenye tambarare, na kuvunjika huko kukasafiri hadi kilimani. Kilichonishtua zaidi nilikikumbuka njiani kurudi: wiki iliyotangulia tulipita palepale, tukarudi salama na kupongezana kwa kuchagua njia vizuri. Hatukuwa tumechagua vizuri. Mlima ulikuwa umetunyamazia tu. Kazini ukikosea, mteja analalamika siku hiyohiyo. Hapa unaweza kukosea mara ishirini na kila mara ukapata jibu la pongezi.

Kwa sababu hiyo, msitegemee kumbukumbu ya safari zenu zilizopita. Kila asubuhi someni taarifa ya Kituo cha Taarifa za Maporomoko ya Theluji cha Colorado, kinachojulikana kama CAIC, na msiishie kwenye namba ya hatari. Kipimo cha hatari kina ngazi tano, na mgeni akiona ya tatu hudhani yuko katikati, kumbe hatari huongezeka kwa kasi kutoka ngazi moja hadi nyingine, na vifo vingi hutokea katika hiyohiyo ya tatu, kwa kuwa katika ya nne na ya tano watu wengi hubaki nyumbani. Someni maelezo: ni upande gani wa mlima, kwenye kimo gani, na tatizo ni upepo, theluji mpya, au tabaka dhaifu lililozikwa. Likiwa hilo la mwisho, mimi hubaki kwenye miteremko iliyo chini ya nyuzi 30 ambayo haina mteremko mkali juu yake, kwani mabamba mengi hukatika kati ya nyuzi 30 na 45. Kipimapembe ni cha bei ndogo, na macho hudanganya sana.

Mtafundishwa pia kuchimba shimo na kupima nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na unene wa 30, kwa kugonga beleshi lililolazwa juu yake mara kumi kwa kifundo cha mkono, kumi kwa kiwiko na kumi kwa bega. Nimeona nguzo ikikatika yote kwa mkupuo kwenye pigo la 13, laini kama droo inayovutwa, na tukageuka. Lakini nguzo isipokatika, msichukulie kwamba mmepewa ruhusa, kwa sababu mita kumi pembeni theluji inaweza kuwa nyingine kabisa.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Kila mtu, bila kumwachia mwenzake, abebe transiva ya masafa ya 457 kHz, yaani kifaa cha redio kinachotuma na kupokea ishara ili aliyefukiwa atafutwe, beleshi la chuma, na ufito wa sentimita 240 au zaidi wa kuchoma theluji ili kumgusa aliye chini. Simu ikae mbali na transiva, angalau nusu mita wakati wa kutafuta. Aliyefukiwa bila kuumia vibaya ana nafasi kubwa ya kupona akifukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15, na baada ya dakika 35 nafasi hiyo hubaki kama theluthi moja. Takriban robo ya wanaokufa Amerika Kaskazini huuawa na majeraha, ambayo hakuna transiva inayoyazuia. Fanyeni mazoezi ya kuchimba, si ya kutafuta tu. Mara ya kwanza nilipofukia begi bustanini nililipata kwa dakika tatu, nikatumia nane kulitoa, kwa kuwa nilichimba wima juu yake badala ya kuingia kwa ubavu kutoka upande wa chini wa mteremko.

Liko jambo moja linalotuhusu sisi hasa. Tumelelewa kutompinga mkubwa mbele za watu, na mwenye uzoefu akisema tunapita, tunapita. Tarehe 20 Aprili 2013, karibu na Loveland Pass, njia nyingine ya kuvuka milima magharibi ya Denver, poromoko liliwafikia watu sita na kuua watano, na walikuwa wazoefu walioisoma taarifa ya siku hiyo. Kubalianeni kabla ya kushuka kwenye gari kwamba neno la mmoja la kukataa linatosha, hata kama ni mgeni kuliko wote na hawezi kueleza sababu. Nami ninapokuwa mkubwa wa kundi, huwauliza wadogo kwanza.

Kozi ya mwanzo ya usalama wa maporomoko ni ya siku tatu, na anayeweza kuimudu aichukue kabla ya kununua skii. Hata hivyo masomo yaanze Oktoba, bila gharama: endesheni gari hadi Loveland Pass baada ya theluji ya kwanza, rudini baada ya siku kumi zenye jua, kisha andikeni kwenye daftari ni miteremko ipi bado ina weupe. Daftari hilo ndilo mtakalolifungua Februari.